Sahani ya Kumi na Mbili

Jua lilikuwa linazama mtaani Mlandege wakati Edmund alipomtuma mkewe, Juliana, akachukue boksi la sahani ofisi ya mabasi. Sahani kumi na mbili za kaure, kutoka ng'ambo, zilizochorwa kwa rangi na dhahabu igizo la kundi lake la sanaa: mtemi, wapiganaji, ngoma.

"Hili ndilo taifa letu, Mama Happy," alijigamba.

Taifa la kulia pilau! Juliana alisonya kimoyomoyo. Igizo lenyewe lilitungwa na marehemu baba yake Juliana, mzee Jailos. Kwenye picha waliyotumiwa wachoraji, mzee aliketi mbele na ngoma yake na makatambuga miguuni. Edmund akaagiza afutwe.

"Anatuaibisha. Taifa gani linavaa matairi?"

Juliana akapanga sahani mezani, wageni walikuwa njiani. Edmund, ndani ya ngozi yake ya umtemi wa kuigiza, akajimiminia glasi ya ulanzi, pombe ya mianzi.

"Baba Happy, wamwagie wazee waliotutangulia kwanza. Kidogo tu, chini."

"Nichafue zulia kwa ajili ya yule mzee wa makatambuga?"

Akacheka, akanywa.

Dum... dum...

Ngoma. Ilitokea mezani.

Chumba kikanuka tumbaku ya baba yake. Juliana akainama juu ya sahani. Kwenye sahani ya kwanza, nyuma kabisa, aliketi mzee mwenye ngoma. Ya tano, alikuwa amesimama. Ya kumi na moja, amejaa sahani nzima, mkono kaunyoosha...

"Usiiguse ya mwisho," alinong'ona.

"Ushamba tu huo." Edmund akaichukua.

Glasi ikaanguka. Ulanzi ukamwagika zuliani.

Pale aliposimama Edmund hakukuwa na mtu.

Kwenye sahani ya kumi na mbili baba yake alipiga ngoma, anatabasamu. Miguuni pake alichuchumaa mtemi mdogo, kinywa wazi. Sauti nyembamba ikatoka kwenye kaure:

"Mama Happy... ivunje... nitoe..."

Nyundo ilikuwa kabatini. Juliana akaishika, akaiinua. Kuivunja ni kumfuta baba mara ya pili.

Geti likagongwa.

Akairudisha nyundo. Akapakua ugali wa moto, akaubwaga juu ya mtemi. Sauti ikazimika.

"Shemeji, mwenzetu yuko wapi?" wageni wakauliza.

"Yupo," alisema Juliana, akiwasogezea viti. "Kuleni. Mkimaliza mtamwona."