Jina la Mwenye Chemchemi

Watu husema majini huja usiku. Wawadanganye wengine. Haya yalitokea saa nane mchana, jua likiwaka na sisi majirani tukianika nguo, ndani ya sebule ya mfasiri mmoja tuliyempachika jina la Nukta, maana anaweza kugombana nawe siku tatu kwa ajili ya nukta moja.

Nukta alikuwa akifasiri Biblia kwa lugha ya kwao, lugha ya watu wa milimani, na kazi hiyo ilikuwa imemla miaka minane. Siku hiyo alichapa kurasa za kitabu cha Mwanzo, akaziacha mezani, akaenda kunawa. Aliporudi akakuta kila penye jina la Mungu wino umelowa. Maneno mengine yote makavu, ila lile jina tu, kana kwamba mtu amelipitishia kidole chenye maji.

"Nani kagusa karatasi zangu?"

"Mashine yako imezeeka, baba watoto," mkewe akamjibu kutoka jikoni. "Mwenzio naye anazeeka hivyo hivyo."

Nukta akacheka, akachapa upya. Zikalowa tena.

Ngoja nikueleze habari ya jina hilo, ingawa lenyewe hulisikii kwangu. Wafasiri waliotangulia waliazima jina la Mungu kutoka lugha ya jirani. Watu wa milimani walilisoma miaka sitini bila kulipenda, wakisema ukiomba dua kwa jina hilo ni kama unaongea na mgeni mlangoni. Nukta akataka jina la nyumbani. Akalipata katika daftari la katekista mmoja marehemu: jina la kale, lililotajwa na wazee wakati wa ukame. Akafanya kama wafasiri wote wafanyavyo, akalisoma mbele ya msikilizaji asiyeiona karatasi ili aseme amesikia nini. Msikilizaji alikuwa mama yake mzazi, Bibi, aliyekaa nao.

Bibi alisikia, akavuta mtandio wake.

"Huyu ndiye aliyeumba vyote, mama?"

"Ndivyo walivyokuwa wakisema," Bibi akajibu, macho sakafuni. "Siku hizi nani anakumbuka, baba."

Basi Nukta akafurahi. Akaiamuru kompyuta iondoe jina la kuazima na kuweka la kale, mara elfu sita na ushee, kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Baada ya karatasi kulowa ikaja harufu, harufu ya matope yaliyokaa kivulini. Kisha sauti ya maji yakidondoka, tone, kimya, tone, na mke wa Nukta akafunga bomba moja moja, akafunga na la nje kabisa, tone likaendelea. Walianza kusemezana kwa kunong'ona bila kukubaliana kwamba wananong'ona. Halafu kitinda mimba wao, binti wa miaka sita, kidomodomo ambaye kila asubuhi alikuwa akinichungulia uani anitanie, akaacha kula. Akawa anashinda chini ya meza ya baba yake, nywele zimelowa chepechepe, na mama yake akizifuta kwa taulo zinalowa tena mkononi mwake.

"Mwanangu, umemwagiwa maji na nani?"

Mtoto akavuta magoti yake kifuani.

Siku ya saba, saa nane ile ile, Nukta akiwa amekaa kuhakiki sura nyingine, alihisi ubaridi ukimpanda miguuni, akadhani ni upepo wa mlangoni, akatazama mlango umefungwa, akatazama chini akaona sakafu yote ya sebule ina maji ya kufika kifundo, maji meusi yasiyotikisika hata alipoinua mguu, na binti yake amekaa ndani yake ametulia, anamtazama, na alipofungua mdomo ilitoka sauti ya mtu mzima aliyechoka, ya chini sana, ambayo mkewe aliisikia jikoni na Bibi akaisikia chumbani wakaja wote wawili mbio kisha wakasimama kizingitini wasiweze kuingia.

"Mara elfu sita mmeniita," ilisema. "Nimekuja, nakuta sifa ni za mwingine. Dunia kaumba mwingine, bahari kagawanya mwingine, na jina ni langu. Mmelichukua mkampa mwenye majina mengi. Mimi nilikuwa na hilo moja. Sasa niitwe nani?"

Bibi alipiga magoti.

"Nilijua," alinong'ona. "Mwanangu, nilijua. Huyo si Mungu. Ni mwenye chemchemi. Tulimwomba maji tu. Mungu tulimwomba mengine, kwa jina jingine."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Aibu, baba. Nilimwonea aibu mkeo, nikawaonea aibu wachungaji. Niseme kwamba nami nilikwenda chemchemini? Nikasema litapita, ni maandishi tu."

"Lirudisheni kabla jua halijatua," ilisema ile sauti. "Lote. Likibaki popote, nitachukua kwa huyu."

Mke wa Nukta hakupiga kelele. Alimshika mumewe mkono akaubana mpaka kucha zikaingia. "Toa," alisema. "Toa sasa hivi. Akinifia mtoto wangu kwa ajili ya kitabu sitakusamehe, na huyo Mungu wako hatakusamehe."

Nukta alibonyeza. Jina la kuazima likarudi mahali pake, elfu sita na ushee. Karatasi zote akazichoma uani, nasi tukamuuliza kulikoni, akaendelea kuchochea moto. Lile daftari la katekista nalo Bibi alilitia motoni kwa mkono wake. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa wakati maji yalipozama sakafuni. Mtoto alitapika maji kikombe kizima, akalala, akaamka akaomba uji. Walilia wote watatu, na mimi nikalia ukutani kwangu kwa kusikia tu.

Lakini mfasiri hatupi rasimu. Kila jioni Nukta alinakili kazi yake kwenye flashi, na flashi hiyo ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Aliihisi kifuani mkewe alipomkumbatia. Akajiambia hakuna atakayeisoma, ni kumbukumbu tu, miaka minane si mchezo. Watu wanasema nisimlaumu. Namlaumu.

Asubuhi mama alimpeleka mtoto shuleni. Mtoto alipochepuka kuwafuata wenzake, mama akafungua mdomo amwite achukue chakula chake. Hakikutoka kitu. Si kwamba sauti ilikatika, jina halikuwepo. Alirudi nyumbani anakimbia, akamuuliza mumewe. Nukta akafikiri, uso ukambadilika. Wakamuuliza Bibi, ambaye ndiye aliyempa jina hilo, Bibi akaanza kulia. Wakaja kuniuliza mimi niliyemwita kwa jina kila asubuhi miaka sita, nami sikuwa nalo. Kwenye daftari la shule pamebaki jina la baba peke yake.

Nukta aliipondaponda flashi kwa jiwe, akaichoma. Hakukurudi kitu. Wamempa mtoto jina jipya mara tatu, kwa sala, mbele ya mashahidi, na kila mara ikifika jioni hakuna anayelikumbuka, hata mtoto mwenyewe.

Yeye hana neno. Anakula, anacheza, anacheka kama zamani. Mama yake ndiye ninayemhurumia. Mchana watoto wakitoka, wote sare moja, kila mama getini huita wake na wake huja mbio. Yeye husimama pembeni, mkono mdomoni, akisubiri wenzake waite wamalize na waondoke, mpaka abaki mtoto mmoja tu uwanjani. Huyo ndiye wake.