Kiti Chenye Kofia Nne

Kila asubuhi baba alirudi kutoka kugawa maziwa, akaegemeza baiskeli ukutani na kushusha madumu matupu. Hapo ndipo zamu ya Sabuni ilipoanza, kwa kuwa baiskeli ile ile ndiyo iliyompeleka shuleni. Jina la Sabuni alipewa nyumbani, likamfuata hadi shuleni. Alinawa mikono kabla ya kula, baada ya kula, na hata baada ya kushikana mikono na wageni. Nzi akitua kwenye mkate, yeye mkate ule hakuula tena.

Sasa mwone Sabuni huyo huyo mbele ya kiti cha baiskeli. Kiti kilikuwa kimepasuka katikati, na ndani ya ufa sponji ilionekana, nyeusi na yenye utelezi. Mvua ikinyesha, sponji ilikunywa maji. Dumu likivuja, ilikunywa maziwa. Maziwa yakachacha humo humo, yakachanganyika na jasho la baba, na harufu iliyotoka hapo ilikuwa ya kutapisha. Ukikikalia tu, kiti kilitema maji ya kijivu, yakalowesha sketi.

"Baba, kiti hiki kinatia kinyaa. Tununue kingine," Sabuni alisema huku ameziba pua.

"Kingine cha nini? Gonga chuma chake usikie," baba alijibu, akakigonga kwa fundo la kidole. "Chuma kizima kabisa! Hiki ni cha kutengeneza, si cha kutupa."

"Basi kitengenezwe!"

"Nikipata nafasi, mwanangu."

Nafasi hiyo baba alikuwa akiitafuta tangu mwaka jana.

Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, hakuona sababu ya mabishano. Nyumbani kwake kila kitu kilivaa nguo. Redio ilikuwa na kitambaa chake, mtungi wa maji ulikuwa na chake, na makochi yalivikwa hata siku zisizo na wageni. Kitambaa kikichafuka, mama alivika kingine juu yake, mambo yakaisha.

"Acheni kelele, nitakishonea kofia," alisema.

Alikishonea kofia ya kitambaa cha bluu. Baada ya muda bluu ikaloa na kunuka, akaivika kofia ya mistari. Mistari nayo ikaloa, ikafuata ya kijani. Ya nne ilikuwa na maua mekundu, na kwa mbali ilipendeza kweli. Kwa karibu, nzi walikuwa wameshajua njia.

Shuleni, rafiki wa Sabuni aliyekaa naye dawati moja alianza kusogea pembeni.

"Sabuni, leo umekanyaga nini?" aliuliza.

"Sijakanyaga kitu. Ni wewe na soksi zako!" Sabuni alijibu kwa ukali, ingawa alijua vizuri harufu ilitoka wapi. Alijichukia siku nzima.

Kisha paja likaanza kumwasha, nyuma, pale hasa ukingo wa ufa ulipokuwa ukimfinya. Akajikuna. Pakatoka kipele, kipele kikawa jipu, jipu likapasuka na kuanza kutoa usaha. Sabuni alipouona usaha ule kwenye kioo, aligeuza uso upesi. Yeye, anayewacheka wenzake kwa kucha ndefu! Yeye, anayesuuza kikombe kilichokwisha kuoshwa! Angeanzia wapi kumwambia mtu?

Alichukua plasta kwenye kabati akabandika. Plasta ilipoloa, alibandika nyingine juu yake, akiogopa kuibandua ile ya chini asije akaona kilichomo. Juu ya zote alifunga kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki ya mama. Sketi ikashuka, na hakuna aliyejua kitu.

Tangu hapo aliendesha baiskeli amesimama.

"Siku hizi binti yangu ni mwanasarakasi?" baba alitania.

"Nafanya mazoezi," Sabuni alijibu, jasho likimtiririka usoni. Usiku alilalia tumbo. Chakula hakikupita, na mwili ulimchemka.

Siri ilitoka kwa futi ya kupimia. Sketi ya shule ilikuwa imeanza kubana, na mama akamwita ampime ili ashone nyingine. Futi ilipopita nyuma ya paja, Sabuni alipiga kelele, akarukia ukutani.

"Una nini?"

"Sina kitu, mama."

Mama alivuta pumzi kwa pua. Akanusa tena. Uso ukamkunjamana. "Geuka. Funua nione."

"Mama, ni uchafu. Utanichukia."

"Funua!"

Sabuni alifunua huku analia. Mama akafungua kitambaa, akabandua plasta ya kwanza, kisha ya pili. Ya mwisho ilitoka na ngozi. Harufu ilijaa chumba kizima, na paja lilikuwa limevimba, jekundu, lina moto. Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Halafu akamshika mtoto mkono, wakaenda zahanati bila hata kufunga cherehani.

Muuguzi hakumung'unya maneno. "Mngekawia kidogo, sumu ingeingia kwenye damu. Mguu si kitu cha kuchezea." Alikikamua kidonda, akakiosha mpaka Sabuni akauma shuka, akampa dawa. "Sasa niambieni, huyu mtoto anakalia nini?"

"Kiti cha baiskeli," Sabuni alinong'ona.

Walipofika nyumbani, mama alichukua mkasi wake mkubwa, akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli. Baba alimfuata mbio.

"Mama Sabuni, taratibu! Utaharibu kiti!"

"Shika baiskeli na unyamaze."

Akakata kofia ya maua, ambayo kwa ndani ilikuwa na madoa ya ukungu. Akakata ya kijani. Ile ya mistari ilikatika yenyewe kwa kuoza. Ya bluu ilikuwa imegandana na sponji, na mama alipoivuta, funza weupe wakamwagika miguuni kwa baba, wakijinyonganyonga.

Baba aliachia baiskeli, akakimbilia nyuma ya choo. Walisikia akitapika. Sabuni alitaka kucheka, lakini akaziba pua na kurudi nyuma.

"Na mimi nilikuwa naukalia uchafu huo kila alfajiri!" baba alisema aliporudi, akijifuta mdomo. "Tupa. Tupa chote, tununue kipya."

Safari hii Sabuni ndiye aliyekigonga chuma kwa fundo la kidole. "Baba, chuma ni kizima. Vilivyooza ni hivi vya juu."

Hapo shauri likakatwa. Sponji, ngozi na kofia zote vilichomwa moto. Chuma na springi vilisuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, vikaanikwa juani, kisha baba mwenyewe akavipeleka kwa fundi baiskeli kuwekewa sponji mpya na ngozi mpya. Mama alishona kofia moja tu, yenye kamba, ya kuvuliwa na kufuliwa kila wiki.

Jioni ya siku ile ya zahanati mama alikaa kitandani kwa Sabuni, akiwa na maji ya uvuguvugu na pamba safi.

"Nilikukasirikia kwa kuficha kidonda," alisema. "Lakini nilipokuwa nakata zile kofia nilijiona mimi. Ni mimi niliyekufundisha kufunika. Kuona kinyaa si kosa, mwanangu. Kinyaa kinatuambia kuna uchafu, tuufungue na kuuosha. Sisi tuliuvika maua. Uchafu ukifunikwa hauondoki, unakula kilicho chini yake, na safari hii kilichokuwa chini ni mguu wako."

Sabuni aliuma mto wakati pamba ilipogusa kidonda, lakini hakuvuta mguu.

Mguu ulipona, na siku zikapita. Asubuhi moja, baba akiwa ndiyo kwanza anashusha madumu, Sabuni alisimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, amevaa sare, anaona haya.

"Mama, kidole cha mguu kinaniwasha, na kimeanza kunuka."

Mama aliacha kitambaa chini ya sindano, akavuta kiti karibu.

"Vua soksi," alisema. "Tuone."