Fomu ya Kwenda Maskati

Mwisho wa mwezi, ofisi ya Bi Esha Boga pale Ukunda haikuwa na pa kutia mguu. Huyu anataka fotokopi, yule anasubiri zamu ya faksi, wa tatu anapiga kelele kwenye simu kama aliye upande wa pili ni kiziwi. Kwenye kona, nyuma ya kompyuta yenye mtandao, alikaa Jacinter, msichana wa Vihiga mwenye miaka ishirini na minne. Alivaa sketi ya kijani na blauzi nyeupe, na uso wake haukuwa na muda wa kucheka na wateja. Huo ulikuwa Machi 1999.

"Anayefuata!"

"Ni mimi, dadangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unataka nini?"

"Kwanza nilitaka hiyo sijambo isemwe kwa raha kidogo."

Jacinter akainua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kola imesimama, mikono ina alama za moto wa tanuri. Aliitwa Tsuma, Mduruma, mpishi wa mikate wa hoteli moja ya Diani iliyokuwa imefunga nusu ya vyumba kwa kukosa wageni na kuwaachisha kazi wapishi wake. Sasa alitaka kuandikia hoteli ya Maskati. Huko kulikuwa na wakala aliyepokea maombi ya viza ya kazi kwa kompyuta: unajaza, unatuma, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo, bila kupanga foleni kwenye ubalozi wowote.

"Anwani yako ya imeli?"

"Sanduku la posta?"

"Ya kompyuta."

"Hiyo sina."

"Basi tutaweka ya ofisi. Ukunda nzima inatumia hiyo hiyo moja."

"Kwa hivyo barua zangu utazisoma wewe."

"Nitazisoma mimi."

"Basi itabidi niandikiwe mambo mazuri," alisema Tsuma, na Jacinter akacheka mbele ya foleni nzima, jambo ambalo Bi Esha hakuwahi kuliona.

Wakala alijibu kwamba Tsuma anafaa, ila fomu za viza zingefunguliwa Juni. Miezi mitatu ni mingi kwa vijana wawili. Kila saa nne asubuhi simu ya ofisi ililia.

"Kuna imeli yangu?"

"Hakuna, Tsuma."

"Na wewe upo?"

"Mimi nipo."

"Alhamdulillahi, basi si siku mbaya."

"Tangu lini wewe ni Mwislamu?"

"Kwetu shukrani ni za wote, mpenzi. Jioni nikuletee mkate wa nazi?"

Alimletea mkate wa nazi, na maneno matamu zaidi ya mkate. Kufikia Mei Jacinter alikuwa hajifichi tena. Alimpenda, na aliogopa Juni kama mtu anavyoogopa kung'olewa jino.

Halafu Tsuma akapotea. Wiki mbili, simu hailii, mkate hauji. Siku moja mwanzoni mwa Juni Jacinter aliumwa akabaki nyumbani, na aliporudi kazini Roselyne, mwenzake wa zamu, akamwambia, "Yule mpishi wako alikuja jana. Nimemjazia fomu, tumetuma." Alikuja siku ambayo yeye hayupo! Jacinter alijifanya hakusikia.

Jumatatu jibu likaingia. Akalisoma, kwa sababu kusoma ndiyo kazi yake: *Mwombaji ametujulisha kwamba ameoa. Nafasi hii ni ya wasiooa, wasiokusudia kuoa katika miaka miwili ya mkataba. Fomu iliyosahihishwa itufikie kabla ya Alhamisi saa kumi na moja jioni, saa za Kenya. Baada ya hapo nafasi itapewa mwingine.*

Hakulia. Aliichapa karatasi, akaikunja mara mbili, akaandika juu "Tsuma", akamhudumia mteja aliyetaka fotokopi ya kitambulisho. Alimwachia Tsuma ujumbe kwenye duka la jirani yake, kama ambavyo angemwachia mteja mwingine yeyote. Siku tatu alikula bila kujua anakula nini. Justus, kaka yake aliyekuwa dobi wa hoteli na ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye, alimuuliza kama ana malaria. Akasema labda. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, na mimi sitamlaumu, kwa maana ganzi ina faida zake.

Alhamisi saa kumi alasiri Tsuma akaingia, shati jipya, tabasamu mpaka masikioni.

"Mpenzi! Nimeambiwa kuna jibu."

"Lipo. Kumbe una mke."

"Ninaye, ndiyo," alijibu Tsuma, bado anatabasamu.

Jacinter alimsogezea karatasi. "Hongera. Tusahihishe au tuache?"

Hapo tabasamu likamshuka. "Jacinter, mbona unaniongelesha kama mtu wa bima?"

"Niongee vipi na mume wa mtu?"

"Mume wako! Mbona unanitia wazimu? Mjomba Mangi na wazee wenzake hawakuja kwenu?"

"Kufanya nini?"

"Kuleta kadzama! Kibuyu cha pombe ya mnazi cha kumwomba msichana. Kikipokewa na kunywewa, msichana keshaposwa. Na mimi kwetu sina ruhusa ya kuonana na wewe mpaka watu wenu watoe neno, ndiyo sababu nikajificha kama mwizi. Kaka yako alikipokea, akakinywa mpaka tone la mwisho. Mjomba anasema hajaona mkwe mwenye adabu kama yule."

Jacinter aliinua simu akapiga kule hotelini kwa madobi.

"Kaka, kuna wazee walikuletea mnazi?"

"Wale wazee wa Kiduruma? Aah, watu poa sana! Waliingia tu, wakaongea maneno mengi sikuyashika, wakanipa kibuyu. Nikasema hawa majirani wa Coast wanajua kukaribisha mtu. Kwani kuna nini?"

"Umenioza, Justus."

"Nime-nini?"

Akakata simu. Alitazamia afurahi, au akasirike, au angalau acheke, lakini hakuna kilichokuja. Alimtazama Tsuma kama anayemtazama kupitia kioo.

"Roselyne aliniuliza, umeoa au hujaoa," alisema Tsuma kwa sauti ya chini. "Kompyuta haina kisanduku cha katikati. Nikaona nikisema sijaoa, nitakuwa nimekukana."

"Kazi unaitaka?"

"Naitaka. Mwaka mzima sijakanda unga wa mtu anayelipa. Mama yangu ananitegemea mimi."

"Basi ukweli ni kwamba hujaoa." Akavuta kibodi. Akabonyeza *Hajaoa*. Kwenye swali la kukusudia kuoa ndani ya miaka miwili, hakusita hata kidogo. Akabonyeza *La*. "Kwa heri ya kuonana," alisema, na sauti ikatoka kavu.

Jaribio la kwanza lilikwama. La pili likakwama. Saa kumi na dakika hamsini na mbili mashine ikaanza tena kulia na kukoroma, na fomu ikaanza kwenda, polepole. Laini ya ofisi ilikuwa moja tu, ya simu na ya kompyuta. Mtu akiinua simu wakati huo, kila kitu kinakatika.

Tsuma akainua simu.

"Umekata!" Jacinter alisimama. "Tsuma, rudisha! Zimebaki dakika nane!"

"Nipe namba ya baba yako."

"Una wazimu?"

"Kaka hakujua alichokinywa. Basi hakuna aliyeombwa. Nipe namba."

Kwa nini alimpa, mwenyewe hakujua. Babake Jacinter alikuwa mwalimu mkuu, na simu ya shule ilikaa mezani kwake. Ililia muda mrefu kabla ya kupokelewa.

"Shikamoo, baba. Naitwa Tsuma, nipo Ukunda. Naomba radhi, jambo hili lilipaswa kuletwa na wazee."

Mzee alikuwa mwalimu, na walimu hawana haraka. Aliuliza kabila, kanisa, majina ya wazazi, darasa aliloishia. Jacinter alinyoosha mkono kuichukua simu, Tsuma akaushika mkono huo akabaki nao. Saa ya ukutani ikafika kumi na moja, ikapita.

"Na kazi?" sauti ya mzee ilisikika mpaka kwa Jacinter. "Una kazi, kijana?"

Tsuma alitazama saa.

"Sina, baba. Ya Maskati nilikuwa nayo mpaka dakika tatu zilizopita."

Upande wa pili kalamu ikawekwa mezani.

"Mpe binti yangu simu," alisema mzee.

Jacinter aliipokea. Alifungua mdomo aseme "Baba", na ndipo kilio cha siku tatu kikamtoka chote, mbele ya Bi Esha na foleni ya watu wenye karatasi mikononi.