Asali ya Kina Galuhenga

Maneno yalimfikia Dafrosa kisimani, na tangu hapo hayakumtoka kichwani: ati asali ya kina Galuhenga huchujwa kwa soksi.

"Soksi ya mzee mwenyewe, ile anayovalia mabuti," alisema jirani yake Mwanahawa huku akijitwisha ndoo. "Kaniambia mwanangu. Si wanasoma darasa moja na binti yao, Recheli, na huyo Adelina wako?"

Dafrosa alitema mate chini. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametia asali hiyo kwenye uji. Alifika nyumbani akasukutua, akatema, akasukutua tena. Kisha akabeba dumu, akaimwaga asali yote kando ya njia iendayo stesheni, watu wakimwona. Siafu wakaizingira.

Hapo stesheni ya Igalula, mama yake Recheli huwauzia asali abiria treni inaposimama, na ndiyo inayowalisha nyumbani. Sasa umbea ulifika hadi kwa abiria, na wanunuzi walimpita wameziba pua. Recheli naye aliacha kwenda shule, maana wenzake walimwita Soksi.

Jioni moja Dafrosa alikuwa akipepeta mchele, na bintiye Adelina akifanya kazi ya shule kwa sauti.

"Tunga sentensi kwa neno 'chota'," alisoma, kisha akajijibu akicheka, "Galuhenga alichota maji ya mtaroni akanywa."

Ungo ukasimama. "Umesema nani?"

"Ni mfano tu, mama."

"Kwa nini Galuhenga?"

"Linachekesha. Ukiandika Maganga, kina Maganga wamejaa, hacheki mtu. Galuhenga ni wao peke yao. Hata tulipopewa neno 'chuja', mimi niliandika ubaoni..."

"Uliandika nini?"

"Mama Galuhenga huchuja asali kwa soksi."

"Ulimwona?"

"Hapana, mama. Nilitunga."

Kinyaa kilimrudia Dafrosa, lakini safari hii hakikuwa cha asali. Alimtazama mwanawe mdomoni, kisha akawakumbuka wale siafu njiani.

"Vaa kandambili. Twende."

Walimkuta mama Recheli uani, akichemsha kitambaa cheupe cha kuchujia. Madumu yaliyojaa yalipangwa ukutani, hayana mnunuzi.

"Shikamoo, mama," Adelina alinong'ona.

"Marahaba. Mmefuata asali, au mmekuja kuitazama hiyo soksi?"

Adelina akaeleza yote, machozi yakimtoka. Dafrosa akasema, "Dada, nisamehe. Niliimwaga mbele za watu. Nitaila mbele za watu."

Treni ilipoingia kesho yake, Dafrosa alisimama kati ya wauzaji, akachovya kidole kwenye asali ya Galuhenga, akalamba. Mwanahawa alimtazama, kisha naye akanyoosha kidole. Abiria wakaanza kuita dirishani.

Shuleni, Adelina alisimama mbele ya darasa akasema ni yeye aliyetunga. Recheli, aliyerudi siku hiyo, hakutabasamu, lakini alimsogezea nafasi kwenye dawati.

Mwalimu Sixbert akafuta ubao. "Jina la nyumba moja mkilichafua hapa, uchafu unaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwao. Na mimi nilicheka pamoja nanyi. Sote tulikosea." Kisha akaandika:

Usitungie sentensi chafu jina la mwenzako.
Usimwite mtu jina asilolitaka.
Usiseme jambo la mtu ambalo hukuliona.
Usibebe maneno ya kisimani kabla hujauliza.
Usimwage chakula cha watu kwa sababu ya umbea.