Pawa Iliyolia kwa Kiu

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mihogo, Petronilla alipenda kukaa mlangoni na kusikiliza. Mbali barabarani malori ya kwenda Uganda yalipanga foleni kuingia Malaba. Ngurumo zao zilimfikia kama pumzi za watu waliolala nyumba ya pili. Karibu naye mumewe, Emukule, alipangusa pawa yake kwa kitambaa. Pawa ni msumeno wa injini, wa kukatia miti. Ndiyo iliyolisha nyumba ile.

Siku hizo Emukule hakuwa na raha. Mkaratusi mkubwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake, Benedetta, ulikuwa umeanza kuinama. Upepo ukipita, matawi yalishuka yakapapasa bati, kisha yakainuka polepole, kama mkono unaobembeleza mtoto. Benedetta alisema mpapaso huo humletea usingizi. Lakini mvua kubwa ilikuwa karibu, na mizizi ya upande mmoja ilikuwa imekwisha kuchomoka. Petronilla alimsihi mama yake aje alale kwao. Mama akakataa. Tangu lini mama mkwe akalala kwa mkwewe? Heri huo mti, akasema.

Emukule aliona pawa yake ni mvivu kwa mti ule. Sokoni alikuwa amesikia kwamba mafundi hutanua tundu la kutolea moshi ndani ya silinda, ili injini ipumue vizuri na kuongeza nguvu. Hilo ni kweli. Ila alisikia nusu yake. Akaifungua, akachukua tupa, akalitanua lile tundu mpaka mkono ukachoka.

Alipoiwasha, ilitoa sauti nyembamba, kali, ikapanda juu mpaka kuku wakakimbilia migombani. Emukule akatabasamu. Kwa wakata miti wa kule, pawa inayolia sana ndiyo yenye nguvu.

"Sikia inavyolia," akamwambia mkewe.

Wakaenda kwa Benedetta. Kwa desturi yao, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Kwa hiyo Emukule alipitia nyuma, na Benedetta akabaki jikoni, ukuta ukiwa katikati yao. Petronilla akasimama pembeni ili apeleke maneno. Mama, kwa kuwa hangeweza kutazama, alisikiliza. Pawa ilipoanza kukata shina, vumbi la mbao likaruka juani, jeupe, kama unga. Ndipo sauti ikatoka jikoni.

"Petronilla, mwambie mumeo kitu chake kinalia kama mtoto mwenye kiu."

Petronilla akayapeleka. Emukule akacheka. "Mwambie mama hii ni mashine, si mjukuu wake."

Hapo hapo sauti ya pawa ikakatika. Akavuta kamba ya kuwashia, haikuvutika. Kukawa kimya. Majani ya mkaratusi yaliendelea kushuka, moja moja, na shina sasa lilikuwa na pengo.

Benedetta alikubali kwenda kukaa kwa jirani. Lakini alisema wazi: jua likizama, anarudi kitandani kwake.

Wakakimbilia Malaba kwa Eucabeth, mama anayetengeneza pikipiki na pawa. Aliifungua silinda, akaielekeza kwenye mwanga, akaguna.

"Boss, hili ni tundu au lango la ng'ombe?"

Akawaonyesha kwa kijiti. Pistoni hupanda na kushuka ikiwa imevaa ringi, pete nyembamba ya chuma. Ringi ikipita mbele ya tundu, inahitaji ukuta wa kuegemea. Tundu likiwa pana mno, ringi hutokeza nje kidogo. Na kingo zikiwa kali kama kisu, huidaka na kuivunja. Hii ilikuwa imevunjika. Chengachenga za tupa nazo zilikuwa zimekwaruza kila mahali.

"Lakini ilikuwa inalia vizuri," Emukule akasema.

"Ilikuwa inalilia petroli. Ukiongeza njia ya moshi, hewa inaingia nyingi. Usipofungua kabureta kidogo, petroli inakuwa haba. Na oili ya kulainisha iko ndani ya hiyo petroli. Silinda ikakauka, pistoni ikanasa humo."

Petronilla akasema taratibu, "Mama alisema ina kiu."

"Mama yako ni fundi?"

"Hapana. Yeye haruhusiwi kutazama."

Eucabeth alitafuta silinda na pistoni nzima za pawa ya aina hiyo hiyo. Akapima, akachora alama, akatanua tundu kidogo tu, asivuke alama. Akalainisha kingo kwa msasa mwembamba mpaka kidole kikapita bila kukwama. Akaiosha silinda kwa sabuni na maji, akaikausha, akaipaka oili. Akavalisha ringi mpya, kisha akachanganya petroli na oili kwa kipimo.

"Na mnyororo ulinoa lini?" akauliza.

Emukule akatazama viatu vyake. Eucabeth akampa tupa. "Anza na huo kila mara. Pengine uvivu ulikuwa hapo."

Mwisho akaiwasha, akazungusha skrubu ya kabureta, akisikiliza. Akawaeleza kwamba pawa ikipewa moto wote, yaani kasi ya mwisho, kabla haijagusa mti, sauti iwe nzito, ya kukwamakwama kidogo. Ikiingia kwenye mti ndipo inyooke. Ikipiga kelele nyembamba, izimwe mara moja.

Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu walipofika. Benedetta alikuwa amesharudi, amesimama nje ya ua na kitenge begani, ameupa mti mgongo. Emukule alifunga kamba kuuvuta mti upande wa shamba, akavaa kofia ngumu, akawasha. Sauti ilikuwa nzito. Ikaingia kwenye shina, ikanyooka. Mkaratusi ukaanza kulala polepole, kama mtu aliyechoka, ukajilaza shambani. Mwanga uliokuwa haujaonekana miaka mingi ukaangukia bati.

Mama hakugeuka. "Petronilla, mwambie imeshiba."

Emukule alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alingoja mkewe amletee.

Tangu hapo, kila akitengeneza pawa, Emukule humwita Petronilla. Humwomba afumbe macho asikilize, kisha anavuta kamba.