Nyuzi Arobaini na Moja, Kivulini

Lifti ya lile jengo la ghorofa kumi na mbili ilikuwa imekufa tangu asubuhi, na watu waliojazana pale chini walishamaliza matusi ya adabu, sasa wanatafuta mengine. Mabegi yamebanana, watoto wanalia, mzee mmoja wa suti amekalia boksi la karatasi anajipepea kwa bahasha. Katikati yao alisimama mwalimu wa chekechea: sketi ya kijani ya marinda, blauzi nyeupe yenye vidole vya rangi nyekundu kifuani, maana watoto wa chekechea wakikupenda wanakupaka, na kompyuta kaibana kwapani. Ghorofa ya tisa kulikuwa na maktaba yenye mtandao wa kueleweka. Jaribio lake la jiografia lilikuwa linafungwa saa sita. Nyumbani kwa dada yake mtandao unakuja na kuondoka bila kuaga.

Na hili halikuwa jaribio la kuchezea. Shule ilishatangaza kwamba mwakani asiye na stashahada hataingia darasani, awe amependwa na watoto mpaka basi. Masomo yote Mwalimu alishafaulu. Limebaki moja tu, Utangulizi wa Jiografia, analolisoma mtandaoni, wanafunzi wamepangwa jozi jozi, na ameshalifeli mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Mwalimu wa chekechea na miamba ya volkano wapi na wapi? Usiniulize mimi, waulize waliopanga.

Basi amesimama pale anatafuna kucha, mara akasikia sauti anayoijua. Inatoka chini, ndani ya shimo la lifti, nyuma ya kizuizi cha njano.

"Karibuni tena, wanafunzi wangu. Leo tunaangalia mgandamizo wa hewa..."

Alikuwa ni mhadhiri wake wa jiografia, kwenye simu ya mtu! Sauti hiyo Mwalimu anaisikia hata akiosha vyombo. Akainama juu ya kizuizi.

"Nani anasoma jiografia humo?"

Kikachomoza kichwa cha kijana. Ovaroli ya bluu, grisi shavuni, bisibisi mfukoni, na tabasamu pana, utadhani hakuna mtu hata mmoja pale anayemlaani.

"Mimi, dada. Kumbe na wewe umo?"

"Uko jozi ya ngapi?"

"Ya saba. Nimepangwa na mwalimu mmoja hivi. Mkali huyo! Ananiandikia kama askari."

"Na kule unajiita nani?"

"Lifti."

Mwalimu akavuta pumzi mpaka vifungo vya blauzi vikalalamika.

"Wewe ndiye Lifti? Wewe! Nimekuandikia tangu somo lianze, hujibu hata 'nimeona'! Mpaka nikasema huyu kafa, nikakuombea! Kumbe uko shimoni unachekacheka!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee wa suti akadakia, "Mpige, binti yangu, sisi tutashuhudia kwamba alianza yeye."

"Mwalimu?" Kijana akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, taratibu. "Kumbe uko hivi? Mbona maandishi yako yana sura mbaya?"

"Tengeneza lifti!"

Akatengeneza. Milango ilipofunguka akawazuia watu kwa mkono uliojaa grisi, akamwingiza yeye kwanza, akampeleka hadi ghorofa ya tisa wakiwa wawili, huku kule chini mzee wa suti akipiga kelele kwamba huo ni upendeleo. Jaribio likafanyika, likapita kwa tabu. Mwalimu alipotoka maktaba akamkuta fundi kaketi kwenye ngazi, kanawa uso, kashika chupa mbili za maji baridi.

"Samahani kwa ujumbe," akasema. "Shimoni mtandao haushuki, nasikiliza tu masomo niliyopakua. Jioni unafika wote kwa mpigo. Nikiona ulivyo mwingi, naogopa kuufungua."

"Mtu mzima anaogopa ujumbe?"

"Wako, ndiyo."

Mwalimu alitaka kununa, akashindwa. Hapo ndipo yalipoanzia.

Walisoma pamoja, yeye na daftari zenye mistari ya rangi, Lifti na simu yenye kioo kilichopasuka. Waligombana kuhusu mito, wakapatana kuhusu upepo. Dada mkubwa wa Mwalimu, mshona mapazia asiyeamini mwanaume yeyote mwenye meno mazuri, aliwasikiliza kutoka kwenye cherehani yake akaguna, "Jiografia gani hiyo ya kucheka hivyo?"

Kisha ukaja mradi mkubwa, wenye nusu ya alama zote. Kila jozi iwe na vituo viwili vya hali ya hewa. Kila mmoja atundike kipimajoto kimo cha kifua, kisiguswe na jua wala mvua, mahali pale pale, akisome kila siku saa nane mchana kwa mwezi mzima. Na mhadhiri akakataza watu kuambiana namba kabla ya siku ya kuwasilisha, ili mmoja asipike na mwenzake akapakua.

Mwalimu alitundika chake kwenye kibaraza cha shule. Saa nane ikigonga, simu inalia.

"Umesoma, mpenzi?"

"Nimesoma, malaika wa shimoni. Wewe?"

"Nimesoma. Joto langu ukilijua utalia."

"Usiniambie! Sheria ni sheria."

"Hata kidogo tu?"

"Lifti, nitakata simu. Na hiyo kelele ni ya nini? Uko wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu tu, kazini. Nakupenda. Simu inakata."

Siku ya kuwasilisha, unadhani Lifti alimtumia Mwalimu jedwali lake asubuhi, ayawasilishe yote mawili? Thubutu! Alilituma mlango ukikaribia kufungwa, kama kawaida yake. Mtandao wa kwa dada ukaanza vituko. Mwalimu hakulifungua wala hakulitazama, alibonyeza tu 'wasilisha' huku kafumba macho, kisha akamshukuru Mungu. Na mimi hapo ndipo ninapochoka na binadamu. Mwezi mzima unapima, halafu dakika ya mwisho hutazami!

Jibu likaja Jumatano. Mwalimu alilisoma amesimama jikoni, kijiko mkononi.

"Jozi ya saba. Kituo cha kwanza: nyuzi ishirini na nane, ishirini na tisa. Sawa. Kituo cha pili, mtaa wa tatu kutoka hapo: arobaini na moja, arobaini, arobaini na mbili. Kivulini! Takwimu hizi ni za kubuni. Nawapa sifuri wote wawili. Mwenye la kusema aseme kabla ya Ijumaa saa kumi."

Sifuri kwenye nusu ya alama! Hiyo ni kufeli, na kufeli ni kuaga darasa. Kijiko kikaanguka. Akapiga simu.

"Kwa nini umeniua?"

"Mwalimu, hata mimi sielewi..."

"Ulikaa tu ukabuni namba!"

"Sikubuni! Nimepima kila siku, haki ya Mungu."

"Ulipimia wapi, jehanamu?"

"Kivulini! Kama tulivyoelekezwa!"

"Kivuli gani cha arobaini na moja? Mji huu huu, jua hili hili! Ungesema umechoka ningekupimia mimi. Lakini kunidanganya? Unajua hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Unajua!"

Sauti ya Lifti ikaja ndogo, isiyo na utani.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Na mvivu. Na usinipigie tena."

Hakupiga. Hilo nalo likamuudhi Mwalimu. Kijana aliyezoea kubembeleza hata mota, safari hii kakaa kimya kweli kweli! Wa kumfariji akawa dada, na faraja za dada unazijua.

"Mwanaume anayekudanganya joto, mdogo wangu, hayo mengine atakudanganya mangapi?"

"Dada, basi."

"Nasema tu. Meno niliyaona mimi."

Ijumaa mchana Mwalimu akaamua. Atamfuata, atamkalisha chini, na Lifti ataandika kwa mkono wake kwamba alibuni peke yake, mwenzake hakujua. Pengine mhadhiri atamwonea huruma mmoja. Akavaa gauni jeusi la mikono mirefu, lile la misiba, akafunga kitambaa kichwani akakaza fundo, akatoka.

Lifti ya jengo ilikuwa na bango: MATENGENEZO.

"Si ajabu!" akaliambia bango.

Akapanda ngazi. Ghorofa ya nne alikuwa bado anapanga maneno. Ya saba akavua viatu. Ya kumi alishasahau nusu ya maneno, na ile nusu iliyobaki haikuwa ya mtu mstaarabu. Mlinzi wa juu akamwelekeza kwa kidole: fundi yuko chumba cha mitambo, pale ngazi ya chuma, angalia kichwa. Na bango lisikutishe, mama, kashamaliza, anaijaribu tangu asubuhi.

Akasukuma mlango wa bati, joto likampiga usoni mpaka akarudi hatua. Chumba kidogo, hakina dirisha. Katikati kuna mota kubwa inanguruma, kamba za chuma zinakimbia juu ya gurudumu, kila kitu kinanuka mafuta. Lifti alikuwa amempa mgongo, ovaroli imelowa chapachapa. Mbele yake ukutani, kimo cha kifua hasa, kilining'inia kipimajoto. Juu yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene: USIGUSE. MRADI WA MWALIMU.

Lifti alikuwa anakisoma, mdomo unatembea.

"Mradi umeisha," Mwalimu akasema. "Unapima nini tena?"

Akageuka, akashtuka, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Saa nane imefika. Nimezoea. Saa nane nakukumbuka, napima."

Mwalimu akasogea akasoma. Arobaini na moja. Hasira zote alizozipandisha kwa ghorofa kumi na mbili zikakosa pa kukaa.

"Ulipimia humu? Mwezi mzima?"

"Kila siku. Tazama mwenyewe! Jua haliingii. Mvua haiingii. Hakuna mkono wa mtu. Pale pale, saa ile ile. Hakuna sharti nililoruka, Mwalimu. Siku moja niliacha kula nikapanda mbio ili nisikukosee. Halafu unaniita mwongo."

"Na mota?"

"Mota gani?"

"Hiyo inayonguruma nyuma yako, mwanaume wewe!"

Lifti akageuka. Akaitazama mota aliyoishi nayo miaka yote, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Akaweka kiganja karibu nayo. Akakitoa.

"Ahaa," akasema.

"Ahaa? Ahaa! Mwezi mzima umepima homa ya mota, na mimi nikakuita..." Alikuwa anacheka na machozi yanatoka, asijue lipi ni lipi, na kwa joto lile hata jasho lilikuwa limeshaingia. "Nisamehe. Hukunidanganya. Nilikuita mwongo na wewe uliacha kula."

"Uliniita na mvivu."

"Na mvivu. Nisamehe. Hata mimi sikufungua jedwali lako. Ningelitazama mara moja tu ningejua."

"Nisamehe na mimi. Nilisoma masharti, sikusoma chumba." Akamshika mkono. Grisi ikaingia kwenye gauni la misiba, wala hakuna aliyejali. "Saa ngapi sasa?"

"Bado hatujachelewa. Mpigie mhadhiri. Kwa video. Na mtandao ukikata nitaung'ata."

Mhadhiri akatokea kwenye kioo kilichopasuka, miwani puani. Akakodoa macho wakati Lifti anamwonyesha kipimajoto, kisha kipande cha boksi, kisha mota. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena.

"Kijana, nje ya hapo kuna paa?"

"Lipo, mheshimiwa."

"Lina upepo, lina hewa?"

"Tele."

"Na hukufikiria kutoka?"

"Nje kuna jua, mheshimiwa. Ulikataza jua."

Mzee wa watu akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Muda wote ule wa sauti kavu, kumbe anajua kucheka.

"Uongo ningewapa sifuri na ningelala usingizi," akasema alipotulia. "Huu si uongo. Huu sijui niuite nini. Rudieni wote wawili, wiki mbili, na mvua muipime. Na nyinyi wawili mkae kituo kimoja, mtazamane. Nje! Umenisikia, kijana? Nje!"

Wakarudia, kwenye uwanja wa shule, kipimajoto kibarazani na chupa iliyokatwa shingo, ya kupimia mvua, katikati ya nyasi. Siku ya mwisho ikanyesha mvua ya kuchukua viatu. Saa nane, Mwalimu amesimama kibarazani na jedwali, gauni la maua ya njano, darasa zima la chekechea limejaa dirishani. Lifti yuko nje, amelowa mpaka soksi, amepiga magoti mbele ya chupa.

"Ngapi?" Mwalimu akaita.

"Mwalimu, nina jambo."

"Soma kwanza!"

"Nataka nikuoe."

"Lifti! Maji yanaongezeka! Soma!"

"Nimekuambia nataka nikuoe, wewe unaniambia maji?"

"Somo hili ni mara ya tatu, na hakuna ya nne! Soma, halafu uniulize vizuri!"

Akainama, akasogeza pua karibu na chupa, akasoma kwa uangalifu wote wa duniani.

"Milimita kumi na mbili."

"Kumi na mbili." Mwalimu akaandika. "Haya. Uliza."

"Utaolewa na mimi?"

Kalamu ya Mwalimu ilikuwa bado iko kwenye karatasi, mstari wa siku ya mwisho, na pembeni yake kuna safu ya maelezo iliyobaki tupu. Akaandika humo neno moja, akalinyanyua jedwali juu ili Lifti alisome kupitia mvua. Darasa zima likapiga kelele, ingawa hakuna aliyejua kusoma.

Safari hii jedwali lilitumwa mapema, na Mwalimu alilitazama mara nyingi mno kiasi kwamba aliacha kuliona. Majibu yakafika wiki iliyofuata, wako mezani kwa dada, dada anamvisha Lifti shati la mapazia yaliyobaki ili apime mabega ya suti.

"Jozi ya saba," Mwalimu akasoma kwa sauti. "Mmefaulu." Akateremsha ujumbe kwa kidole. "Swali moja tu. Siku ya mwisho, chini ya maelezo, kumeandikwa 'Nimekubali'. Hicho ni kipimo cha nini?"

Akamsukumia Lifti simu. "Jibu wewe."

Na Lifti, yule yule asiyejibu hata 'nimeona', pini za dada zikimchoma mabegani, akajibu pale pale.