Bega la Kushoto

“We Odile, umeshatia unywele?” shoga yangu Ginette aliniuliza kwa kunong'ona.

“Tangu jana. Upindo wa nyuma, hakuna atakayeuona.”

“Basi mwaka huu Lucien hana pa kukimbilia!”

Tulicheka. Sisi mafundi wa ghorofa ya tano hapa Paris, anayeshona gauni la harusi huficha unywele wake kwenye upindo ili naye aolewe upesi. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na minne kati yake nimeila kwa ahadi za Lucien, mchoraji wa jumba letu la mitindo. Unywele ule niliuhitaji, jamani.

Nikateremka chumba cha kujaribia nguo. Bibi harusi, Solange, binti wa mwenye kiwanda cha hariri kule Lyon, alikuwa mbele ya kioo ndani ya satini nyeupe, mchoro wa gauni mkononi. Nikapiga magoti, pini mdomoni.

“Mchumba wangu kanichora mwenyewe,” akasema kwa madaha. “Lucien. Bila shaka unamjua.”

Pini zikanidondoka zote.

“Namjua, bibie.”

Akautazama mchoro, akatazama kioo.

“Mbona hapa bega la kushoto limelala? Langu haliko hivi.”

Nikaokota pini. Bega langu limelazwa na miaka kumi na sita ya kuinamia sindano, tangu kabla ya vita vikuu vya dunia. Lucien alikuwa akilibusu na kusema, “Hili limechoka, lilaze kwangu.”

“Wewe fundi, hebu simama.”

Nikasimama. Akaniangalia, akaangalia karatasi, rangi ikamtoka usoni. Akanyanyua simu.

“Lucien? Shuka. Sasa hivi!”

Akaja na penseli sikioni. Alipotuona tumesimama bega kwa bega, akaganda mlangoni.

“Umemchora nani hapa?” Solange akamuuliza.

“Mpenzi, ni mkono tu umezoea...”

“Umemzoea nani?”

Macho ya Lucien yakaangukia bega langu.

“Kadi zimeshatumwa, na baba hatakubali aibu,” Solange akasema huku machozi yakimtiririka. “Jumamosi nitaolewa na wewe hivyo hivyo. Ila usinichore tena maisha yako yote!”

Akavua gauni nyuma ya pazia, akaniwekea mikononi, akaondoka bila kuniangalia. Lucien akanishika mkono.

“Odile, baba yake kaahidi kunifungulia jumba langu la mitindo. Ningefanyaje? Lakini niliyemchora ni wewe.”

“Ulinichora mimi, ukamvisha mwenzangu. Niachie, nina kazi.”

Nikapanda na gauni lile. Niliumia, sitawadanganya, ngazi za ghorofa zote tano nilizipanda nikilia. Ginette alinivutia kiti bila kuuliza. Nikafumua upindo wa nyuma, nikautoa unywele wangu, nikaupeperusha dirishani. Kisha nikapinda upya, mishono midogo midogo, kama nilivyofundishwa.

Jumamosi gauni lilitoka halina kasoro hata moja.